Jani si cheti cha usalama

Hadi leo hakuna mamlaka ya dawa, iwe ya Dodoma au Nairobi, ya Washington au Beijing, iliyoruhusu nukta za kaboni zilizopikwa kutokana na mimea zidungwe kwenye mshipa wa mgonjwa. Tunaanza na jambo hili makusudi. Anayesoma mihutasari ya makala za kisayansi, na vichwa vya habari vinavyozaliwa nayo, anaweza kudhani kazi imekwisha: tangawizi imegeuzwa chembe zinazowaka ndani ya seli ya saratani, mwarobaini umegeuzwa kibeba dawa, ganda la ndizi limegeuzwa taa ya daktari. Karibu kila makala huzipa chembe hizo sifa zile zile tatu: ni rahisi kutengeneza, ni rafiki wa mazingira, ni salama. Sifa mbili za kwanza zina ushahidi. Ya tatu ndiyo inayotufanya tuandike.

Msingi wa sayansi hii ni wa kweli, na hatutaki mtu adhani tunaibeza. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, walikuwa wakisafisha mirija midogo ya kaboni iliyotokana na masizi ya maabara, wakagundua kwamba sehemu ya uchafu waliokuwa wakiutenga inang'aa. Hawakuwa wakitafuta mwanga wowote. Miaka miwili baadaye kundi la Ya-Ping Sun wa Chuo Kikuu cha Clemson, katika jimbo hilohilo, lilizivika chembe za namna hiyo polima inayoyeyuka majini, mng'ao ukaongezeka, likaziita nukta za kaboni. Upana wa nukta moja kwa kawaida haufiki nanomita 10, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Mwaka 2012 jambo hili lilihamia jikoni. Watafiti wa India walichukua juisi ya machungwa, wakaipasha kwa nyuzi 120 za selsiasi ndani ya chombo kilichofungwa kwa muda wa saa mbili na nusu, wakapata chembe za nanomita 1.5 hadi 4.5 zilizorudisha kama mwanga asilimia 26 ya fotoni zilizofyonza. Mwaka huohuo wenzao wa China walitumia nyasi za kawaida kupata nukta zinazotambua shaba majini, na maganda ya balungi kupata zinazotambua zebaki. Tangu hapo ni vigumu kutaja mmea ambao haujapikwa. Majani huoshwa, hukaushwa, husagwa, huchanganywa na maji, hufungiwa ndani ya mtungi wa chuma wenye utando wa tefloni, kisha huwekwa kwenye oveni ya nyuzi 160 hadi 200 kwa saa kadhaa. Kinachotoka ni maji ya kahawia yasiyovutia. Yakichujwa na kumulikwa kwa taa ya urujuanimno, yanawaka samawati. Aliyewahi kuliona hilo kwa macho yake anaelewa kwa nini mwanafunzi wa uzamili huipiga picha chupa hiyo kabla ya kupima chochote.

Unafuu wa gharama ndio unaoifanya kazi hii iwezekane katika vyuo vyetu, na hilo si jambo dogo. Oveni, mtungi na taa vinapatikana. Tena ipo sababu ya heshima zaidi. Nukta kwanta, zile zilizowapatia Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023, zina rangi zinazopangwa kwa ukubwa wa chembe na mng'ao mkali, lakini zilizozoeleka zaidi kati yake zina kadmiamu, metali inayoharibu figo na mifupa. Kutafuta mbadala usio na kadmiamu ni kazi ya haki. Zaidi ya hayo, juu ya uso wa nukta ya kaboni kuna vikundi vya kikemikali ambavyo dawa ya saratani kama doksorubisini inaweza kujishikiza navyo, kisha ikabanduka mahali penye uasidi. Damu ina pH ya karibu 7.4, ndani ya vifuko ambavyo seli hutumia kumezea chembe, pH hushuka hadi karibu 5. Ukiongeza asidi foliki juu ya nukta, seli za saratani zenye vipokezi vingi vya foliki huivuta kuliko seli jirani. Kwenye sahani ya maabara hesabu hiyo inakubali.

Kosa linaanza pale sifa za mmea zinapohamishiwa kwa chembe. Jani likishapikwa kwa nyuzi 180 kwa saa nane, jani halipo tena. Kilichobaki ni kitu kipya ambacho hakina historia katika mwili wa binadamu. Tangawizi tumeinywa kwenye chai tangu enzi za babu zetu. Nukta za kaboni za tangawizi hakuna bibi aliyewahi kuzinywa, sembuse kudungwa mshipani. Kwa hiyo mtafiti anayeandika kwamba chembe zake ni salama kwa kuwa zimetokana na mmea unaoliwa, hajatoa ushahidi. Ametoa wasifu wa kitu kingine.

Hoja ya kwamba mwili wetu wenyewe umejengwa kwa kaboni nayo haisimami. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London aliandika kuhusu saratani ya mfuko wa korodani iliyowapata wasafisha mabomba ya moshi tangu wakiwa watoto, na chanzo chake kilikuwa masizi, ambayo ni kaboni ya mkaa na kuni isiyoungua ikaisha. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hatusemi nukta za kaboni ni masizi. Tunasema kwamba kupika mata ya mmea bila hewa ya kutosha huzaa mchanganyiko wa vitu vingi, na aliyeupika mchanganyiko huo ndiye anayewajibika kutuambia una nini ndani yake.

Mmea, zaidi ya hapo, hubeba udongo na maji ya mahali ulipoota. Chukua gugumaji la Ziwa Victoria, ambalo limetusumbua tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Ni malighafi ya bure, linahitaji kuondolewa, na wapo watafiti waliolipika kupata nukta za kaboni. Kwa kupimia uchafu wa maji, hatuna ugomvi nalo. Lakini sifa kubwa ya gugumaji ni kufyonza metali nzito, ndiyo maana hupendekezwa kusafishia majitaka. Kandokando ya ziwa hilo wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki. Anayetaka kutengeneza kibeba dawa kutokana na gugumaji lililovunwa huko ana deni la vipimo vya zebaki, risasi na kadmiamu, kwenye jani na kwenye chembe, kila mara anapovuna. Ingekuwa aibu isiyosemeka kuikimbia kadmiamu ya nukta kwanta na kuirudisha kwa mlango wa nyuma kupitia mmea.

Hata palipo na udongo safi, mchaichai wa masika si mchaichai wa kiangazi. Umri wa jani, aina ya mmea, mbolea, namna ulivyokaushwa, vyote hubadilisha sukari, protini na madini yanayoingia mtungini. Dawa haivumilii hali hiyo. Kundi la kwanza na kundi la mia lazima yafanane, na tofauti iliyopo iwe imepimwa na kuandikwa. Makala ikisema tu kwamba majani yalikusanywa kwenye viwanja vya chuo, hakuna atakayeweza kuirudia kazi hiyo, hata mwandishi mwenyewe.

Lipo jambo lingine ambalo wana maabara hunong'onezana bila kuliandika. Mwanga wa samawati haufai kuonea ndani ya mwili, kwa sababu damu na nyama huufyonza na zenyewe hung'aa kidogo katika rangi hiyo. Madaktari wanahitaji mwanga mwekundu sana au ule wa infraredi ulio jirani nao. Ndiyo maana kila mtu anatafuta nukta zinazong'aa nyekundu, na majani mabichi yakikamuliwa kwa pombe na kupikwa kidogo huonekana kuzitoa. Tatizo ni kwamba klorofili yenyewe hung'aa nyekundu, jirani na nanomita 670, bila msaada wa nukta yoyote. Mwaka 2018 kundi la Chuo Kikuu cha Missouri lilichapisha onyo kali: sehemu kubwa ya mng'ao unaohesabiwa kuwa wa nukta za kaboni inaweza kutoka kwa molekuli ndogo za kawaida zilizobaki kwenye mchanganyiko, na usafishaji wa haraka haraka hauziondoi. Mtafiti ambaye hajatenganisha kilichong'aa na kisichong'aa, hajui anachokipa jina. Akikijaribu kwa panya, hajui panya amepewa nini.

Wapo watakaosema tunatia hofu mapema mno. Tunawaomba wakumbuke Thorotrast.

Kuanzia miaka ya 1930 hospitali za Ulaya, Marekani na Japani ziliwadunga wagonjwa majimaji yenye chembe za oksidi ya thoriamu ili mishipa na ini vionekane kwenye picha za eksirei. Chembe hizo zilikuwa na upana wa nanomita 3 hadi 10, yaani ukubwa uleule wa nukta tunazozizungumzia. Picha zilikuwa safi kuliko za dawa nyingine za wakati huo. Wagonjwa hawakutapika, hawakupata mshtuko, walirudi nyumbani wakiwa na afya njema. Egas Moniz wa Ureno, aliyeanzisha upigaji picha wa mishipa ya ubongo na ambaye baadaye alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine, aliitumia. Kwa kipimo cha wiki moja, au cha mwaka mmoja, Thorotrast ilikuwa salama.

Lakini mwili haukuwa na njia ya kuitoa. Chembe zilimezwa na seli za ulinzi, zikatua kwenye ini, wengu na uboho, zikakaa humo maisha yote ya mgonjwa zikitoa mionzi. Baada ya miaka 20, 30 na zaidi, saratani za ini na za damu zikajitokeza kwa watu ambao wengi wao walikwisha kusahau kwamba waliwahi kudungwa kitu. Na kinachoumiza zaidi ni kwamba onyo lilikuwepo: mwaka 1932 baraza la dawa la Chama cha Madaktari cha Marekani lilieleza wasiwasi wake kuhusu mionzi hiyo. Matumizi yaliendelea hadi miaka ya 1950. Ilichukua wataalamu wa Ujerumani, Denmark, Ureno na Japani miongo kadhaa ya kuwafuatilia wagonjwa mmoja mmoja ili hesabu ya madhara ijulikane.

Kaboni haitoi mionzi ya thoriamu, na mtu asitubandikie kauli hiyo. Swali ambalo Thorotrast ililiacha ni jingine, nalo linaihusu kila chembe ndogo inayoingia kwenye damu: inatoka lini, kwa njia gani, na isipotoka inakaa wapi? Gadoliniamu inayotumika kwenye picha za MRI ilikwisha kutumika kwa miaka mingi kabla ya mwaka 2006, ilipohusishwa na ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi na viungo kwa wagonjwa wenye figo dhaifu. Mwaka 2017 Ulaya ikazuia matumizi ya baadhi ya aina zake baada ya kuonekana kwamba mabaki hubaki kwenye ubongo. Hizo zilikuwa dawa zilizokwisha kupita kwenye vichujio vyote. Nukta ya kaboni ya mwarobaini haijapita hata kimoja.

Kwa hiyo tunawaambia watafiti wetu wajibu wao ni nini. Kwanza waache kulitumia neno salama kwa matokeo ya saa 24 kwenye seli za HeLa. Seli hizo zilichukuliwa mwaka 1951 huko Baltimore kutoka kwa Henrietta Lacks, mwanamke Mweusi mwenye saratani ya mlango wa kizazi, bila ridhaa yake, na familia yake ilingoja hadi Agosti 2023 kufikia suluhu na mojawapo ya kampuni zilizofaidika nazo. Anayezitumia anapaswa kujua walau historia hiyo. Anapaswa pia kujua kwamba seli ya saratani isiyokufa ni shahidi dhaifu wa usalama, maana imezoea kunusurika. Kustahimili kwake kwa siku moja hakusemi lolote kuhusu ini la mtu aliyedungwa mara sita kwa mwaka.

Kipimo chenyewe kinachotumika kuhesabu seli hai, kile cha rangi ya zambarau kiitwacho MTT, kimewahi kuwahadaa wataalamu. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba mirija ya kaboni huishikilia rangi hiyo na kutoa jibu la uongo. Chembe yenye rangi na mng'ao wake yenyewe lazima ipimwe pia bila seli, na matokeo yathibitishwe kwa njia ya pili isiyotegemea rangi. Halafu kuna mabaki ya kuta za bakteria, yale yanayoleta homa na mshtuko yakiingia kwenye damu. Kuchemsha kwa kawaida hakuyaondoi, na hata kama oveni imeyateketeza, maji ya kuchujia na mifuko ya kusafishia huyarudisha. Makala inayodai tiba bila kuyapima haistahili kupita mikononi mwa wahakiki.

Kisha njia ya kutoka mwilini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kwa kutumia panya ulionyesha kwamba chembe zenye upana usiozidi nanomita 5.5 hivi, zikiwa zimelowa, ndizo zinazochujwa upesi na figo na kutoka kwa mkojo. Huo ni ukanda mwembamba sana. Nukta ya nanomita 4 ikivikwa polima, ikabebeshwa dawa, ikaongezewa asidi foliki, kisha ikagandwa na protini za damu, inauvuka. Ikiuvuka, inaelekea kwenye ini. Na wale wanaoahidi kwamba dawa itakwenda moja kwa moja kwenye uvimbe wasome tathmini ya mwaka 2016 ya kundi la Toronto, iliyokusanya matokeo ya miaka kumi ya majaribio ya chembe nano kwa wanyama: kwa kipimo cha kati, asilimia 0.7 tu ya dozi ndiyo iliyofika kwenye uvimbe. Iliyobaki ilikwenda kwingine, na huko kwingine ndiko kwenye maswali yetu.

Wajibu huu hauishii kwa kijana aliyeshika chupa. Msimamizi wake anaujua mtego wa klorofili, au anapaswa kuujua. Chuo kinachopandisha vyeo kwa kuhesabu makala, bila kuuliza kama kuna aliyeweza kuzirudia, kinanunua makala nyepesi na kinazipata. Tunasema hivi bila kumung'unya maneno: profesa anayesaini kazi ya mwanafunzi yenye neno salama lisilo na kipimo cha mwezi mmoja hata kwa panya, ameshindwa kazi anayolipwa kuifanya.

Njia ya uadilifu ipo na wapo walioipita. Chuo Kikuu cha Cornell kilitangaza mwaka 2005 chembe zake zinazong'aa, ambazo kwa bahati mbaya nazo hufupishwa kwa jina linalofanana na la nukta za kaboni ingawa zimeundwa kwa silika. Ruhusa ya kuzijaribu kwa binadamu ilitoka mwaka 2011. Ripoti ya kwanza, ya mwaka 2014, ilihusu wagonjwa watano. Watano, baada ya karibu miaka kumi, na kwa dozi ndogo ambayo haikukusudiwa kutibu chochote bali kujua chembe zinaenda wapi na zinatoka vipi. Nchini China nako kuna dawa ya chembe za kaboni iliyoidhinishwa, lakini ni nyeusi tii, upana wake ni karibu nanomita 150, haitokani na majani, na haidungwi mshipani. Daktari wa upasuaji huidunga kwenye kiungo anachokitibu ili tezi za limfu zigeuke nyeusi azione. Malighafi yake inajulikana, ukubwa wake haubadiliki, matumizi yake ni mamoja. Ukiilinganisha na mrundo wa makala za majani, unaona pengo lilipo.

Mamlaka za udhibiti nazo zisikae zikingoja. Marekani ilitoa mwongozo wake wa dawa zenye chembe nano mwezi Aprili 2022. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania, Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya na wenzao wa Uganda, Rwanda na Burundi wana wajibu wa kutangaza hadharani, kabla ombi la kwanza halijawafikia, watadai nini: utambulisho wa malighafi hadi shamba ilikotoka, metali nzito, ufanano wa makundi, njia ya kutoka mwilini, muda wa kuwafuatilia waliojaribiwa. Wakala wa Dawa wa Afrika, ambao mkataba wake ulianza kutumika Novemba 2021 na makao yake yako Kigali, ni mahali panapofaa kuweka utaalamu huu kwa pamoja, kwa kuwa hakuna nchi moja kati yetu yenye wataalamu wa kutosha wa jambo hili. Bodi za maadili, kwa upande wao, zisidanganywe na neno mmea na kulipitisha ombi kwa njia ya mkato kana kwamba ni chai ya mchaichai.

Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lina kazi yake pia. Haihitaji utabiri kuona kwamba siku moja chupa ya mkaa wa mwarobaini itaandikwa nano na kuuzwa stendi ya basi kwa mgonjwa wa saratani. Muuzaji atakuwa na makala ya kisayansi mkononi, na makala hiyo itakuwa ya kweli. Atakachoficha ni kwamba iliandikwa kuhusu seli kwenye sahani.

Hapo ndipo tunapojisema na sisi wa vyombo vya habari. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni za kilometa nyingi kuelekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Magazeti na redio zilihesabu magari na kuwanukuu waliosema wamepona. Maswali yalikuja baadaye, yakiwa yamechoka. Wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya VVU. Mchungaji hakudai kuwa mwanasayansi. Safari ijayo dai litakuja likiwa limevaa koti jeupe, lina picha ya chupa inayowaka samawati na jina la chuo kikuu. Mwandishi wa habari za afya anayeandika kwamba majani fulani yanatibu saratani, bila kuandika katika aya ya kwanza kwamba kilichojaribiwa ni seli au panya, anashiriki kosa. Mhariri anayempitishia anashiriki zaidi.

Serikali haziwezi kudai ukali huu bure. Umoja wa Afrika ulikubaliana mjini Khartoum mwaka 2006 kwamba kila nchi itenge angalau asilimia moja ya pato lake kwa utafiti. Kenya ilijiandikia asilimia 2 katika sheria yake ya mwaka 2013, na haijakifikia kiwango hicho. Matokeo yake tunayajua: hadubini elektroni zinahesabika kwa vidole, sampuli husafirishwa nje na kurudi baada ya miezi, na vipimo vya gharama, vile hasa vya usalama, ndivyo vinavyorukwa. Mtafiti asiye na kifaa halaumiwi kwa kukosa kipimo. Analaumiwa kwa kuandika kana kwamba anacho. Anayemnyima kifaa mwaka baada ya mwaka ana lawama yake, tena si ndogo.

Tusisahau pia mimea ni ya nani. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inamtaka anayechukua rasilimali za kijenetiki za nchi aombe ridhaa na agawane faida. Chembe ya kaboni haina tena jeni la mmea, na mawakili watalikimbilia hilo. Makubaliano yaandikwe kabla ya gunia la majani kuondoka kijijini. Baada ya hataza kutoka, mazungumzo huwa mafupi.

Kwa sasa nukta hizi zina kazi nzuri za kufanya nje ya mwili: kutambua zebaki kwenye maji ya machimbo, kuangaza seli chini ya hadubini, kufundishia kemia wanafunzi ambao shule zao hazina vifaa vya bei. Huko ziende, zichapishwe, zishindaniwe. Kuhusu mgonjwa, hali ni tofauti. Katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road wengi hufika ugonjwa ukiwa umeshasonga mbele, na sehemu ya ucheleweshaji huo ni miezi iliyopotelea kwenye tiba zilizoahidiwa na hazikuwepo. Tiba zilizopo leo ni upasuaji, dawa zilizoidhinishwa na mionzi. Aliyepangiwa tarehe ya mionzi aende tarehe hiyo, na daktari, mtafiti au mwandishi yeyote asimpe sababu ya kuiahirisha.